Bao, drafti au chesi: ununue upi kwanza?

Mchezo usio na dadu wala karata una raha yake. Kila kitu kiko wazi machoni pa wote wawili, na aliyefungwa hana bahati ya kusingizia. Kama hela yako inatosha mmoja tu, mimi nakushauri hivi.

Namba moja ni bao, tena bao lenyewe la Kiswahili: safu nne za mashimo manane manane. Maduka ya vinyago huuza pia vibao vya safu mbili, mashimo sita sita. Vinapendeza, lakini huo ni mchezo mwingine. Hesabu mashimo 32 kabla hujauliza bei. Halafu tazama nyumba, shimo la tano kutoka kushoto kwa mchezaji, safu ya mbele, ambalo mafundi wengi hulichonga la mraba. Nyumba huanza na kete sita, ila hunenepa haraka. Tia komwe, yaani zile mbegu zinazotumika kama kete, kumi na tano humo, uzichote kwa mkupuo mmoja. Zikimwagika, au vidole vikikwaruzwa, shimo halina kina au msasa haukupita. Mimi napenda ubao mzito wa mninga, hautelezi mtu anapotakata, yaani anaposambaza kete bila kula, kwa kasi. Wa kukunja unamfaa msafiri, ila kagua bawaba zake. Zikilegea, ubao unayumba.

Na kete zihesabu palepale dukani, zitimie 64. Seti yangu ya kwanza sikuihesabu. Tumekaa barazani, kila mtu ameshapanga kete zake kumi ubaoni, mwenzangu akahesabu za mkononi: kumi na tisa badala ya ishirini na mbili! Tukajazia vijiwe vitatu. Hadi leo vikinipitia mkononi navijua bila kutazama.

Drafti naiweka ya pili, ingawa kwa unafuu haina mpinzani. Miraba 64, kete 12 kwa 12, na vijiweni watu hutumia vizibo vya soda: mmoja anavifunika, mwingine anavifunua. Ukiamua kununua seti, pandanisha kete mbili kama unavyofanya ukipata kingi, yaani kete yako ikifika mwisho wa ubao upande wa mpinzani, kisha zisukume kwa kidole. Ya juu ikiteleza, iache hapo dukani.

Chesi ni ya tatu kwa sababu moja tu: ina kete za aina sita, kila aina na mwendo wake, na mtoto huchelewa kuonja utamu. Lakini akishanogewa, mnunulie seti ya kweli, yenye mfalme wa kimo cha sentimita 9.5 hivi na miraba ya sentimita 5 hadi 6. Panga askari wanne, zile kete ndogo za safu ya mbele, ndani ya mraba mmoja. Wakienea vizuri, ubao na kete vinaendana. Epuka kete zenye uwazi ndani, maana mkono ukizigusa kidogo tu zinaanguka, na hapo mnaanza kubishana nani alikuwa wapi.