YubiKey 5: ulinzi wa msimbo usionichelewesha kazi

Kwa mtu anayeshinda kwenye msimbo wa programu kutwa, YubiKey 5 ni kifaa cha ulinzi ambacho sijawahi kutamani kukikwepa. Ni kidude cha kuchomeka kwenye USB. Ukitaka kuvuta au kusukuma msimbo kwenye seva ya Git (mfumo wa kutunza msimbo na mabadiliko yake), taa yake inawaka na kuzima, unakigusa kwa kidole na kazi inaendelea.

Thamani yake naiona zaidi kwa sababu niliwahi kufanya kazi mahali ambapo msimbo wote ulikaa kwenye kompyuta ya mbali, sisi tunauona kupitia dirisha tu. Kunakili na kubandika kulizuiwa. Kila herufi ilichelewa kutokea. Ukipata ujumbe wa hitilafu, huwezi kuuchukua ukautafute mtandaoni, kwa hiyo watu walipiga picha kioo kwa simu na kutumiana. Msimbo ambao haukutakiwa kutoka hata mstari mmoja ukazagaa kwenye simu binafsi! Sikuwalaumu wenzangu, wala siwalaumu leo. Walikuwa na tarehe ya kukabidhi kazi, na mpangilio ule ulimhesabu kila msanidi kuwa mwizi.

Wakati huohuo tuliingia kwa nenosiri pekee, na hatari kubwa hupitia hapo. Mwaka 2016 wavamizi walitumia nywila za wafanyakazi kuingia kwenye ripozitori (ghala la msimbo) ya siri ya Uber huko GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo, wakakuta humo funguo za hifadhi ya data ya mtandaoni ya Amazon, wakachukua taarifa za watu milioni 57. Kuzuia kubandika kusingeisaidia Uber kitu.

YubiKey inaziba mlango huo. Tangu toleo 8.2 la mwaka 2020 la OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa njia salama iitwayo SSH, amri ya ssh-keygen -t ed25519-sk inatengeneza ufunguo ambao siri yake haitumiki bila kifaa chenyewe. Mwizi akinakili faili iliyobaki kwenye diski, hawezi kuingia nayo popote. Na ukiingia kwa kivinjari, tovuti bandia haipati jibu, kwa kuwa ufunguo umefungwa na anwani halisi ya tovuti uliyoisajili.

Kero ipo kwenye saini, yaani alama ya kidijitali inayothibitisha nani aliandika msimbo. Git inakubali saini za SSH tangu toleo 2.34, nami nikawasha saini kwa kila komiti (badiliko moja lililohifadhiwa). Kisha nikapanga upya tawi, yaani mfululizo wa mabadiliko, lenye komiti ishirini: kugusa mara ishirini, mkono hauondoki kwenye kifaa. Sasa natia saini tagi (alama) za matoleo tu, na kwenye SSH nimewasha ControlMaster na ControlPersist, mipangilio ya kutumia tena muunganisho uliopo, hivyo mguso mmoja unatosha kwa muda wote muunganisho ukiwa wazi. Watu wa usalama wanaodai saini kwa kila komiti wajaribu kwanza kupanga tawi refu wenyewe.

Programu ya ndani ya kifaa haisasishwi. Udhaifu wa EUCLEAK, unaoweza kumwezesha mtu kunakili siri ya kifaa, ulipotangazwa mwaka 2024, vifaa vyenye programu ya chini ya toleo 5.7 vilibaki nao. Hata hivyo mshambuliaji lazima akishike kifaa chako, afungue ganda lake na awe na vyombo vya maabara, na tena udhaifu uko kwenye ECDSA, njia nyingine ya kutia saini, si Ed25519 ya ufunguo niliotaja juu. Ukinunua kilichotumika, angalia toleo kabla ya kulipa. Na nunua viwili, maana kimoja kikipotea bila cha akiba umefungiwa nje ya kazi yako.

Kifaa hiki hakimzuii mtu kuandika nenosiri ndani ya msimbo. Kwa hilo naendesha Gitleaks, programu ya kutafuta siri ndani ya msimbo, kabla ya kila komiti, na inamaliza haraka kiasi kwamba siioni.

Aina ya YubiKey 5 iitwayo Nano inakaa ndani ya tundu la USB muda wote, na nadhani ndiyo inayowafaa wasanidi wengi. Ila kompyuta ikiibiwa inaondoka nayo, kwa hiyo tengeneza ufunguo wake kwa -O verify-required ili ukuombe PIN pamoja na mguso.