Eurostat kwa kulinganisha Uholanzi na Hispania: anza na miraba ya kilomita 1, majedwali yafuate

Anayetaka kulinganisha msongamano wa watu kati ya nchi mbili za Ulaya huanzia Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg. Huduma ni ya bure na karibu kila kitu kinapakulika. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu, Uholanzi na Hispania, kwa sababu jozi hii huonyesha upesi sana ni wapi huduma ni imara na ni wapi inamwachia mtumiaji mzigo wote.

Jedwali linalokimbiliwa na wengi ni demo_r_d3dens: watu kwa kilomita ya mraba, hadi ngazi ya NUTS 3, ambayo ndiyo ndogo kabisa katika mgawanyo wa maeneo ya kitakwimu ya Umoja huo. Uholanzi inatokea na zaidi ya watu 500, Hispania chini ya 100. Namba hizo ni sahihi, ila kwanza tazama zimegawanywa kwa eneo gani. Uholanzi ina takriban kilomita za mraba 41,500 ukihesabu na maji, na takriban 33,500 ukihesabu nchi kavu peke yake. Watu wake milioni 17.9 wa mwanzoni mwa 2024 ukiwagawa kwa eneo la kwanza unapata kama 430. Kwa eneo la pili, kama 535. Nchi ni ileile, mwaka ni uleule, na tofauti inazidi watu mia moja. Eurostat hutumia nchi kavu pale takwimu zake zinapopatikana, lakini machapisho mengine hutumia eneo zima. Usichukue Hispania hapa na Uholanzi kwingine. Mfano mkali zaidi ni jimbo la Flevoland, lililojengwa juu ya ardhi iliyotwaliwa kutoka majini: eneo lote ni takriban kilomita za mraba 2,400, kavu ni 1,400 tu.

Udhaifu wa pili ni ukubwa wa vipande. Hispania ina maeneo 59 ya NUTS 3, wastani wake ukiwa zaidi ya kilomita za mraba 8,000 kila moja. Uholanzi ina 40, na wastani wake hauzidi sana 1,000. Kipande kikubwa humeza mji na pori pamoja, kisha hutoa wastani usiofanana na mahali popote. Na ukipanga Hispania kuanzia kilele, juu hutokea Melilla yenye karibu watu 7,000 kwa kilomita ya mraba, ikifuatiwa na Ceuta. Yote mawili ni maeneo madogo ya Hispania yaliyo pwani ya Afrika Kaskazini. Yaondoe kwenye ulinganifu, au angalau yataje kando, la sivyo msomaji ataambiwa kwamba Madrid inazidiwa mbali. Upande wa Uholanzi, visiwa vya Bonaire, Sint Eustatius na Saba havimo kabisa, kwa hiyo huna cha kuondoa.

Katika kupakua, chagua CSV badala ya TSV, ambazo ni aina mbili za faili la jedwali. Kwenye TSV safu ya kwanza hubeba mambo kadhaa yaliyounganishwa kwa mkato, na alama hubandikwa kwenye namba yenyewe: p kwa takwimu za muda, e kwa makadirio, b kwa mfululizo uliokatika. Programu ya lahajedwali ikikuta namba yenye p huigeuza kuwa maandishi, kisha jumla yako hupungua bila onyo lolote. CSV huziweka alama kwenye safu yake. Alama ya b isomwe kwa makini zaidi ya zote, kwa kuwa namba za kabla na baada yake hazikupatikana kwa njia moja.

Kwenye kiwango cha ukaaji mijini, Eurostat inaacha huduma nyingine nyuma. Umoja wa Mataifa, katika toleo lake la 2018, uliipa Uholanzi takriban asilimia 91 ya watu mijini na Hispania 80. Asilimia hizo zimejengwa juu ya fasili za kitaifa, na kila nchi ina yake. Hispania huangalia idadi ya wakazi wa makazi husika. Uholanzi, kupitia ofisi yake ya takwimu, CBS, hupima wingi wa anwani ndani ya nusu kipenyo cha kilomita 1. Penye anwani 2,500 au zaidi kwa kilomita ya mraba ndipo penye umji wa daraja la juu kabisa. Kulinganisha matokeo ya mizani mbili kama hizi ni kupoteza muda. Eurostat hutumia mizani moja, iliyoidhinishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2020: miraba ya kilomita 1 inayopakana, yenye watu wasiopungua 1,500 kila mmoja na jumla ya 50,000, ni kitovu cha mji; ile yenye watu wasiopungua 300 kila mmoja na jumla ya 5,000 ni kundi la mji.

Tatizo huingia pale miraba inapohamishiwa kwenye manispaa. Manispaa ambayo angalau nusu ya watu wake wako kwenye kitovu cha mji huhesabiwa yote kuwa jiji. Uholanzi ina manispaa 342, nyingi zimetokana na kuunganishwa. Hispania ina zaidi ya 8,100. Vijiji vya Uholanzi vilivyounganishwa na mji jirani vinaweza kupotelea ndani yake kitakwimu. Hispania nayo ina Cáceres, yenye takriban kilomita za mraba 1,750 na watu kama 96,000. Kwa hesabu ya manispaa msongamano ni kama 55, ilhali wengi wao wanaishi kwenye majengo ya ghorofa yaliyobanana.

Ndiyo maana bidhaa bora ya Eurostat ni gridi yenyewe, yaani ramani iliyogawanywa kwa miraba ya kilomita 1 yenye idadi ya watu wa kila mraba, inayotolewa na kitengo chake cha ramani, GISCO. Uchambuzi wa gridi ya 2011 ulionyesha kuwa ni asilimia 13 tu ya miraba ya Hispania iliyokuwa na wakazi. Ukigawa watu kwa miraba hiyo peke yake, msongamano wa kawaida wa watu 93 kwa kilomita ya mraba unaruka hadi 737. Mraba mmoja wa Barcelona ulikuwa na watu zaidi ya 53,000. Mtu wa kawaida wa Hispania, basi, anaishi amebanana sana, huku jimbo zima la Soria likiwa na watu chini ya 10 kwa kilomita ya mraba.

Ili upate namba inayoonyesha hali hiyo, zidisha idadi ya watu wa kila mraba kwa yenyewe, jumlisha, kisha gawa kwa jumla ya watu. Miraba miwili yenye watu 1,000 na 9,000 ina wastani wa kawaida wa 5,000. Kwa njia hii unapata 8,200, yaani msongamano anaouona mkazi.

Fungua faili la gridi, la aina ya GeoPackage, kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, na uache makadirio yake ya ramani (njia ya kuchora dunia kwenye bapa), EPSG:3035, kama yalivyo, kwa sababu yanahifadhi ukubwa wa maeneo. Ukihamia makadirio ya Mercator ya ramani za intaneti na kupima maeneo humo, Uholanzi inavimba karibu mara 2.6 na Hispania ya kati mara 1.7, hivyo ulinganifu wote unapinda. Unapochuja kwa nchi, kumbuka kuwa miraba ya mpakani hubeba misimbo miwili, mathalani BE-NL. Kichujio cha NL peke yake kitaiacha nje. Mraba unaogusa bahari nao si kilomita nzima ya nchi kavu, na safu ya LAND_PC ndiyo inayosema ni asilimia ngapi.

Kwa gridi tunaipa Eurostat alama 9 kati ya 10. Kwa jedwali la msongamano, 5. Anayejenga mfululizo wa miaka mingi aangalie pia toleo la NUTS: katika toleo la 2024 jimbo la Zuid-Holland lilitoka NL33 likawa NL36, na ukiunganisha faili za zamani na mpya kwa msimbo peke yake, jimbo lenye watu wengi kuliko yote Uholanzi litakatika katikati ya mfululizo wako.