Mirihi, Zuhura au Zebaki? Mwongozo wa kuchagua pa kuhamia

Anayetafuta kiwanja huulizia maji kwanza, kisha barabara, kisha umeme. Kwenye sayari jirani utaratibu ni uleule, ila wengi huanza kwa kuulizia umbali. Zuhura hutukaribia hadi kilomita milioni 40 hivi, Mirihi milioni 55, lakini ukaribu haukati kiu.

1. Mirihi

Hili ndilo chaguo letu, na sababu kubwa ni barafu. Juni 2008 chombo cha Phoenix kilichimba mfereji mdogo kwenye tambarare za kaskazini. Sentimeta chache tu chini ya vumbi vikaonekana vibonge vyeupe vya ukubwa wa dadu, na baada ya siku nne havikuwepo. Chumvi ingebaki pale pale. Barafu ya maji, kwenye hewa nyembamba namna ile, hugeuka mvuke bila hata kuyeyuka.

Siku ya Mirihi ni saa 24 na dakika 39, kwa hiyo usingizi hausumbuki sana. Mvutano ni asilimia 38 ya ule wa Dunia. Kanieneo ya hewa haifiki asilimia 1 ya yetu, hivyo hutoki nje bila suti ya anga.

Oksijeni hutengenezwa hukohuko kutokana na kabonidayoksaidi, ambayo ni asilimia 95 ya hewa yake. Kifaa cha MOXIE, kilichotua na gari la utafiti la Perseverance Februari 2021, kilifanya hivyo mara 16 na kutoa jumla ya gramu 122. Mtu hutumia kama gramu 840 kwa siku, yaani zile zote ni pumzi ya saa tatu na nusu. Kwa kasi yake ya juu, gramu 12 kwa saa, kila mtu anahitaji vifaa vitatu vinavyofanya kazi usiku na mchana. Weka cha nne cha akiba.

Pa kujenga ni latitudo za kati za kaskazini, kama Arcadia Planitia. Kwenye ikweta kuna afadhali ya joto, ila barafu ya karibu haipatikani. Ukisogea sana kwenye ncha, baridi inakumaliza: Phoenix ilivunjwa paneli na barafu ya kabonidayoksaidi iliyoielemea. Faida nyingine ya tambarare hizi ni kwamba ziko chini, hewa ni nzito kidogo, na parashuti hupata cha kushika.

Vumbi ndilo adui. Tufani ya 2018 ililizima gari la utafiti la Opportunity, na mawasiliano na chombo cha InSight yalikatika Desemba 2022 kwa vumbi lililofunika paneli za sola. Usitegemee sola peke yake. Beba na kinu kidogo cha nyuklia. Udongo nao una pakloreti, chumvi inayodhuru tezi ya shingo. Huyeyuka majini, kwa hiyo osha udongo kabla ya kupanda, na maji ya kuoshea yasirudi kwenye tangi la kunywa. Paa lifukie kwa mita mbili za udongo au zaidi kuzuia mionzi. Nafasi ya safari huja kila miezi 26, basi spea za pampu na vichujio zitoshe miaka mitatu.

2. Zuhura, lakini angani

Ardhini ni nyuzi 465 na kanieneo ni mara 92 ya yetu. Chombo cha Venera 13 kilidumu dakika 127 tu mwaka 1982. Ila kwenye kimo cha kilomita 54 joto linavumilika, na mwaka 1985 baluni mbili za vyombo vya Vega zilielea huko takriban saa 46 kila moja. Hewa tunayopumua ni nyepesi kuliko kabonidayoksaidi, kwa hiyo nyumba iliyojaa hewa inaelea yenyewe. Mvutano ni asilimia 90. Kinachoiangusha ni mawingu ya asidi ya salfuriki, uhaba wa maji, na kutoweza kushuka kuchimba chochote: kila msumari utoke Duniani.

3. Zebaki

Mchana nyuzi 430, usiku 180 chini ya sifuri. Barafu ipo kwenye kreta za ncha zisizopata jua, ila barabara ni mbaya. Jua hukivuta chombo kwa nguvu na kufunga breki hula mafuta. Chombo cha BepiColombo, kilichoondoka Oktoba 2018, kilipangiwa kupita karibu na sayari mara tisa ili kupunguza mwendo.

Kuhusu hati: Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unazuia nchi yoyote kujimilikisha sayari. Anayekuuzia hati ya kiwanja cha Mirihi hana cha kukuuzia. Usilipe.