Seva yao sina neno nayo, ila fundi wao!

Naandika haya hasira ikiwa bado haijapoa. Nimekodi seva kwa kampuni hii muda sasa, tena kifurushi cha kusimamiwa, yaani unalipa zaidi ili mafundi wao waiangalie. Inaendesha mfumo wa mauzo wa duka la vipuri Kariakoo. Nisiwaonee: haizimikizimiki, na kasi yake ni nzuri. Wiki chache zilizopita ungeniuliza, ningekwambia kodi kwao.

Sasa, mwisho wa mwezi, duka limejaa watu, wauzaji wakanipigia kwamba risiti hazitoki. MySQL, hifadhidata ya mfumo, imegoma kuandika. Nikapiga df -h, amri ya kuonyesha diski imejaa kiasi gani: asilimia 100. Kwa kuwa usimamizi nimeulipia, nikawaita. Fundi akaingia, baada ya muda akaniandikia: “Ndugu mteja, nimefuta logi kubwa ila diski bado imejaa. Data zako ni nyingi, panda kifurushi.” (Logi ni faili ambalo programu huandikia kumbukumbu za kazi zake.) Nikamjibu kwa upole kabisa, kaka, data za duka hili hazifiki hata GB 5, hebu tazama tena. Akasema: “Kama huelewi Linux, tafuta anayeelewa.” Akafunga tiketi, yaani ombi langu la msaada.

Nikaingia mwenyewe. du -xsh /, amri inayojumlisha ukubwa wa mafaili yanayoonekana, inaniambia vilivyomo ni GB 8. df inasema GB 40 zote zimeliwa. Namba hizi mbili zikipishana kiasi hicho, pa kutazama panajulikana: kuna faili limefutwa jina, lakini programu iliyolifungua bado imelishikilia, na Linux hairudishi nafasi mpaka programu hiyo iliachie. lsof +L1, amri ya kuorodhesha mafaili ya namna hiyo, ingenionyesha mara moja, ila haikuwepo, na kwenye diski iliyojaa sikutaka kupakua chochote. Nikatumia kilichopo:

find /proc/*/fd -ls | grep deleted

Hiyo hapo. /var/log/nginx/access.log, logi ya nginx (programu inayopokea maombi ya wavuti), na mbele yake neno deleted, yaani limefutwa. Bwana yule aliipiga rm, amri ya kufuta, huku nginx ikiendelea kuiandikia, akaona nafasi hairudi, akaamua kosa ni la mteja!

Dawa yake ilikuwa amri moja, nginx -s reopen. Nginx ikaachia faili la zamani, ikafungua jipya, bila kuzima kitu. df ikashuka mpaka asilimia 20 nikiwa naitazama, na muda si mrefu risiti zikaanza kutoka. Na kama angetaka tu kuipunguza logi inayotumika, angeandika truncate -s 0 na jina la faili, nafasi ingerudi papo hapo. Haya ni mambo ya kila siku kwa mtu anayelipwa kusimamia seva.

Nilitaka kuishia hapo na kuwapa nyota tatu, kwa sababu mashine yenyewe haina shida, na huenda fundi yule aliamka vibaya. Lakini nikajiuliza logi ilivimbaje namna ile. Nikafungua /etc/logrotate.d/, folda ya mipangilio ya logrotate, programu ya kuzungusha logi, yaani kuanzisha mpya na kuondoa za zamani zisijaze diski. Ya nginx haimo. Seva waliipanga wao, nginx waliiweka wao kwa njia yao, na hakuna aliyekumbuka kuweka faili dogo la mistari michache la kuzungusha logi. Kwa hiyo chanzo ni chao, ufutaji mbovu ni wao, halafu nauziwa kifurushi kikubwa ili uzembe wao upate pa kukaa! Wateja wangapi wamepandishwa kifurushi kwa jibu kama lile, kwa kuwa hawakujua kulinganisha df na du?

Nyota moja, na hiyo ni ya mashine. Logrotate nimeiweka mwenyewe, nimeijaribu kwa logrotate -d, iko sawa. Mwezi nimeshaulipia, nitaumaliza. Tiketi nimeifungua upya nikiwa nimebandika matokeo ya amri zote, naidai fedha ya usimamizi wa mwezi huu. Mpaka sasa hawajanijibu.