Uzoefu wangu: kutibiwa saratani ya matiti iliyosambaa, KCMC Moshi

Naishi Boma Ng'ombe, na saratani yangu ya matiti ilipogundulika ilikuwa imeshafika kwenye uti wa mgongo. Natibiwa katika kituo cha saratani cha Hospitali ya KCMC, kilichofunguliwa mwaka 2016, na nawaandikia hasa wenzangu wa Kaskazini wanaoambiwa kwamba kwa ugonjwa huu ni lazima uhamie Dar es Salaam.

Daktari alinieleza bila kuficha kwamba katika hatua hii tiba hulenga kuudhibiti ugonjwa na kupunguza maumivu, na kwamba dawa ingechaguliwa baada ya kinyama cha uvimbe kupimwa vipokezi vya homoni na HER2, yaani protini inayochochea baadhi ya saratani za matiti kukua. Majibu yalionyesha kuwa uvimbe wangu unachochewa na homoni, kwa hiyo nikaanzishiwa vidonge vya tamoksifeni, miligramu 20 kila siku, badala ya dripu za kemo. Nywele zangu zipo, ila joto la ghafla usiku linanisumbua sana. Dada zangu, ulizieni majibu ya kipimo hicho kabla ya dawa yoyote, kwa sababu mwenye HER2 chanya huhitaji dawa nyingine, trastuzumabu, ambayo ni ghali na inafaa kuzungumzwa mapema na watu wa bima.

Mionzi ya mgongo tu ndiyo nilipewa Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Muulizeni daktari kuhusu dozi moja, kwani kwa maumivu ya mfupa mara nyingi hiyo hutosha, nanyi mtaepuka gharama ya kukaa mjini kwa wiki nzima.

Huduma ninayoithamini kuliko zote ni tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na kumfariji mgonjwa. Ndugu zangu walishtuka kusikia mofini, wakidhani ni dawa ya mtu anayekata roho, lakini muuguzi aliwaketisha akawaeleza kwa upole kwamba kiasi cha dawa hufuata ukali wa maumivu, kwamba mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, na kwamba huambatana na dawa ya kulainisha choo. Tangu hapo nalala, na kanisani nakwenda kwa miguu yangu. Walio Arusha wanaweza kuulizia tiba shufaa Hospitali ya Selian.

Muuguzi huyo alitusisitizia jambo moja ambalo kila mwenye saratani iliyofika kwenye uti wa mgongo anapaswa kulijua: miguu ikilegea au kufa ganzi, au mkojo ukigoma kutoka, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.