Mmemkosea shangazi yangu, na Maziwe hatukukanyaga

Kampuni iliyotupeleka Pangani, ule mji wa pwani ya Tanzania, siitaji kwa jina, ingawa mkono unawasha. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya dereva; wao wenyewe sina cha kuwapa.

Kilichoniudhi nakisema mwanzo ili mwenye haraka asipoteze muda. Tukiwa baharini, mbali na nchi kavu, kijana aliyepewa kazi ya kutuongoza alimgeukia shangazi yangu, mama wa kuweza kuwa nyanya yake, akamwambia: "Shosho, si umekiona? Ulitaka kukiona, umekiona." Kilichokuwa kikionekana ni mawimbi yakivunjika juu ya mchanga unaozama. Hiyo ndiyo ziara ya kisiwa cha Maziwe tuliyoilipia Nairobi hadi senti ya mwisho kabla hatujapanda treni.

Shangazi amekaa Pumwani tangu ujana wake. Babake alikata mkonge katika mashamba ya upande wa Pangani zamani za Mwingereza, kabla hajaja Vanga kuoa na kutulia. Hadithi zote za utoto wa shangazi ni za huko: mto, mamba, jahazi za nazi, na kisiwa chenye mivinje ambako kasa walipanda usiku kutaga. Mivinje yenyewe haipo tena. Mawimbi yalikimomonyoa kisiwa mwaka hadi mwaka, na kufikia miaka ya 1980 hapakubaki hata mti. Siku hizi Maziwe ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe. Huibuka maji yakipwa, huzama yakijaa. Kasa bado wanakuja kutaga, ila mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasije yakafunikwa na maji. Haya yote nilimweleza mapema ili asitarajie miti. Akasema yeye anataka kukanyaga tu, mchanga ule ule aliousimuliwa na babake. Nikatoa pesa.

Mambo ya njiani nayapitia haraka. Treni hadi Mombasa, feri ya Likoni, halafu gari la kampuni hadi mpakani, Lunga Lunga na Horohoro. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, usiwasikilize wanaosema hakiulizwi. Kabla ya Pangani kuna magofu ya Tongoni, msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, na yamo kwenye ratiba niliyotumiwa. Tulipita bila kusimama. Mwongozaji alisema hakuna kitu pale, ni mawe. Shangazi akasoma dua akiwa ndani ya gari linalokwenda. Hapo ndipo ningekuwa nimemjua mtu, lakini siku ilikuwa ndefu na wote tulikuwa na njaa.

Sasa Pangani yenyewe. Jamani, mji ule ni mzuri, na sitaki hasira yangu iufiche. Ni mdogo, unautembea wote kwa miguu asubuhi moja na bado unapata muda wa kahawa. Upande mmoja mto, upande mwingine bahari, na mdomoni mwa mto unaona maji ya rangi mbili yakigombana. Mtaa wa India una nyumba kuukuu za ghorofa zenye roshani zinazolegea. Nyingine zinahitaji kuokolewa sasa hivi, si kesho. Lipo Boma linalosemekana kujengwa mwaka 1810, na milango yake ya nakshi bado inafunguliwa na makarani wa serikali. Wenyeji watakusimulia kuhusu watumwa waliozikwa wazima chini ya misingi yake, na ukisimama pale hutaki kuuliza maswali mengi. Chakula? Wali wa nazi na samaki wa kupaka niliokula kwa mama mmoja karibu na kivuko sijaupata mfano wake Nairobi, hata Eastleigh. Jioni tulipanda mashua kwenda juu ya mto, katikati ya mikoko na minazi. Maji hayo hayo yametoka Kilimanjaro na Meru, yamepita bwawa la Nyumba ya Mungu, yamezungusha mitambo ya umeme ya Hale, ndipo yakafika pale yakiwa yametulia kabisa. Shangazi aliongea njia nzima. Sijamsikia akiongea vile tangu afiwe na mumewe.

Mwenyeji aliyetutembeza mjini, kijana mpole anayeamkia kila mzee barazani, alitupa pia habari za Abushiri bin Salim. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilikuja kuutwaa mji, na wakala wake, Emil von Zelewski, akajiona mwenye nchi; husimuliwa kwamba aliingia msikitini na mbwa wake. Mji ukachemka, Abushiri akasimama mbele, vita vikaenea pwani nzima. Wajerumani wakamleta Hermann von Wissmann na askari wa kukodi, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa hapo hapo Pangani. Zelewski naye alikwisha mikononi mwa Wahehe, Lugalo, mwaka 1891.

Kesho yake, nilipomwona mwongozaji wetu akimpigia mluzi nahodha badala ya kumwamkia, nikamkumbuka huyo Zelewski. Mtaniambia nimezidisha. Pengine nimezidisha. Lakini mtu anayeingia mji wa wenyewe bila salamu, akaanza kuamrisha wazee, mimi najua ninachokiona.

Nirudi kwenye Maziwe, maana ndiko donda lilipo.

Nahodha alikuja kutuona usiku wa kuamkia siku ya safari. Baada ya salamu zao ndefu, za nyumbani, za safari, za watoto, alitwambia: "Mwezi mpevu huu, maji ni bamvua. Yanapwa sana, na yakigeuka yanajaa mbio. Tutoke saa mbili. Tutakaa juu ya mchanga hadi kama saa sita. Mkinichelewesha, kisiwa hakipo." Mwongozaji alikuwa ameketi hapo hapo akichezea simu. Akajibu, sawa sawa mzee.

Kwa wenzangu wa Nairobi tusiozoea bahari: maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani yetu hupita mita tatu. Fungu la mchanga lisilo na mti litabakije? Kila mvuvi anajua saa yake, na jedwali la maji huchapishwa kabla mwaka haujaanza.

Saa mbili tulikuwa mtoni. Shangazi alijifunga leso mpya, ameshika kichupa cha plastiki cha kutilia mchanga. Mwongozaji hayupo, gari halipo, simu haishikwi. Pesa za mashua na ada ya hifadhi anazo yeye. Nahodha akatandika turubai tupate kivuli, akamletea shangazi dafu, na kila baada ya muda anatazama maji bila kusema neno. Ilipofika saa nne simu ikashikwa. Bwana yuko Tanga. Amekwenda kuchukua wateja wengine wa kampuni ili mashua ijae, na tusithubutu kuondoka bila yeye kwa sababu aliyeikodi mashua ni yeye. Nikamwambia maji yanapwa sasa hivi, yako chini kabisa, ndiyo saa yenyewe. Akanijibu, "Madam, bahari haiendi mahali." Akakata.

Walifika saa sita imeshapita. Dereva alishuka akiwa ameinamisha kichwa. Baadaye aliniambia kando kwamba amri ilitoka ofisini Nairobi na yeye aliwaonya. Namwamini. Nahodha akamwendea mwongozaji kwa upole wote: "Mwanangu, wakati umetutoka. Niwapeleke Ushongo wakaoge, kesho nawatoa alfajiri, sitaki pesa zaidi." Kesho yake tulikuwa bado Pangani, asubuhi nzima haina kitu kwenye ratiba. Kila kitu kingeweza kuokoka pale. Kijana akajibu, mbele ya watu, mbele ya mabaharia wa yule mzee: "Wewe kazi yako ni kuendesha. Twende." Kesho alikuwa na wateja wengine, hilo ndilo tulilokuja kulijua.

Nahodha alinyamaza. Kisha akamwambia shangazi, si yeye: "Dada yangu, nitakupeleka upaone. Lakini nanga sitatia, watu wasije wakanifia."

Kaskazi ilikuwa imeshashika nguvu. Tulirushwa njia nzima, watoto wa wale wageni wa Tanga wakatapika, mama yao akawa analia na kuuliza mbona hakuambiwa. Tulipofika, mchanga uliobaki haungetosha kutandika mkeka, na kila wimbi linaukata. Nahodha akazunguka, akapunguza mashine, akazunguka tena. Shangazi hakulaumu mtu. Aliinama akachota maji kwa kile kichupa, akakifunga. Ndipo yule kijana akasema maneno niliyoyataja juu, na akacheka. Nilisimama kwenye mashua inayoyumba nikamwambia ya kumwambia, siyaandiki hapa. Shangazi akanivuta nguo nikae.

Nairobi nilikwenda ofisini kwao. Dada wa mapokezi alinipa kiti na maji, namshukuru. Meneja alifungua ile karatasi ya masharti, akaniwekea kidole pale walipoandika kwamba kampuni haiwajibiki kwa hali ya hewa wala hali ya bahari. Hali ya bahari! Mvua ni hali. Dhoruba ni hali. Maji kujaa saa ambayo nahodha aliitaja jana yake ni jambo linalojulikana kama saa ya treni kuondoka. Ningechelewa treni yenu, mngenirudishia nauli? Akaniahidi punguzo kwenye safari nyingine. Simwelewi mtu anayeambiwa amemdhalilisha mzee wa watu halafu anataja punguzo.

Nitasema haki: baadaye sehemu ya pesa ilirudi kwa M-Pesa, bila ujumbe wowote. Kwa hiyo wezi sitawaita. Hoteli waliyotuweka ilikuwa safi, na gari lilikuwa zima kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipofika hapa kuandika nilifikiria kuwaongezea nyota ya pili, kwa sababu bila wao shangazi hangeuona ule mto, na mto ulimfurahisha kuliko chochote nilichowahi kumnunulia. Lakini nikikumbuka kile kicheko, siongezi. Kwanza ile moja niliyosema ni ya dereva, abaki nayo mwenyewe. Kampuni haina hata moja.

Na nilipoulizwa na majirani kama waende Pangani, siku za mwanzo nilisema hapana kwa hasira. Sasa nasema nendeni. Nendeni wenyewe. Mabasi ya Mombasa kwenda Tanga yapo, na kutoka Tanga kuna magari ya abiria hadi Pangani. Mkifika tafuteni mwenyeji wa kuwatembeza, msimlipe mtu wa Nairobi kwa kazi anayoijua mtu wa pale. Kwenda Ushongo mnavuka kwa kivuko hadi Bweni. Mtaona na lile daraja la mita 525 wanalolijenga kwa ajili ya barabara ya pwani, na likishakamilika kivuko hakitakuwa na kazi, kwa hiyo anayetaka kuvuka kizamani asikawie. Maziwe msiiwekee siku kabla hamjaongea na nahodha. Mwulize maji, yeye ndiye akupe siku, halafu wewe ujipange. Mkampe na salamu zenu zote, msizikate.

Kwa kampuni yenyewe, najua mnasoma maoni ya wateja. Pesa iliyobaki sitaki. Mpigieni shangazi simu mumwombe radhi, na mpige nyinyi wakubwa, msimtume yule kijana. Namba yake mnayo, iko kwenye fomu mliyotujazisha.