Chai kavu isiyotaka sukari: majani ya Yunnan na ya Usambara

Kwa sisi tuliolelewa Ngamiani, hapa Tanga, chai ya mkandaa huchemshwa pamoja na tangawizi na sukari mpaka ikolee kama maji ya magome ya mkoko, na jani lenyewe lina ladha gani hakuna anayeuliza. Kwa hiyo mpwa wangu aliporudi kutoka masomoni Kunming, mji mkuu wa jimbo la Yunnan huko China, na pakiti ya gramu 100 ya chai nyeusi ya Yunnan, iitwayo Dian Hong, akanisihi niinywe bila kutia kitu, nilidhani ananitania.

Majani yake ni marefu, yamesokotwa, na mengi ni machipukizi yenye vinyweleo vya rangi ya dhahabu. Ukiyanusa yakiwa makavu hunukia kiazi kitamu kilichochomwa. Nilichukua gramu 3, nikachemsha maji, nikaacha birika wazi kwa dakika mbili ili moto wake upungue, nikamimina mililita 200 na kufunika kwa dakika tatu kabla ya kuchuja. Utamu wake hauji pale kikombe kinapogusa mdomo, bali chai humezwa kwanza, kisha utamu ukapanda taratibu kutoka kooni, kama baada ya kutafuna muwa. Hakuna manukato yaliyotiwa humo: machipukizi machanga yana amino asidi nyingi, ndizo zinazolainisha ukali wa chai. Majani yaleyale niliyamiminia maji mara nne. Kikombe cha pili kilivishinda vyote, na cha nne kilikuwa maji ya moto tu.

Kisha nikajaribu majani ya kupima ya Usambara, milima ambayo Wajerumani walianza kuotesha chai huko Amani mwanzoni mwa karne ya 20. Haya yamesagwa na kuviringwa kuwa punje ndogo, kwa hiyo rangi na ukakasi hutoka upesi mno. Nilipoyaacha dakika tano ulimi ulikaza kana kwamba nimeuma ndizi mbichi. Nilipoyachuja baada ya dakika moja na nusu, utamu mdogo ulijitokeza, mwembamba lakini wa kweli. Kwa kunywa peke yake naipendelea ya Yunnan. Kwa vitumbua vya asubuhi, ambavyo mafuta yake yanataka chai yenye nguvu, sibadilishi ya Usambara.

Nawatahadharisha wanunuzi kuhusu hifadhi. Mfuko wangu wa kwanza wa Usambara ulitoka duka ambalo debe la chai hukaa wazi jirani na ng'onda, na kwa kuwa jani kavu hunyonya kila harufu iliyo karibu, nilikunywa mchuzi wa samaki usio na chumvi. Ule uliofuata niliutia kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, na umedumu vizuri.

Ya Yunnan zimebaki gramu 20 hivi. Jana nimemkuta mama ameiteka jikoni na kuichemsha na tangawizi.